Noti Ngeni Si Kosa: Funzo Kutoka kwa Mozart

Katika mazoezi ya kufundisha, mara nyingi twamwona mwanachuo akimkatiza mtoto aliyeimba noti isiyokuwamo ubaoni na kumwambia, "Umekosea." Kabla ya kutoa hukumu hiyo, yatupasa tujiulize: noti hiyo yaelekea wapi?

Ngazi tunayoiandika ubaoni, do, re, mi, fa, so, la, ti, ina noti saba. Lakini kutoka do hadi do ya juu mna nusu toni 12; kwa hiyo noti tano hubaki nje ya ngazi. Kuzitumia noti hizo ndiko kuitwako kromatiki.

Tuchukue mfano wa kwateti, yaani utungo wa fidla mbili, viola na chelo, ambao Mozart aliumaliza huko Vienna mwezi wa Januari 1785. Ni ya mwisho katika zile sita alizomtunukia Haydn, na ndiyo pekee kati yake inayoanza kwa utangulizi wa polepole. Ufunguo wake ni C kubwa. Msikilizaji hutazamia do, mi na so. Badala yake, chelo yarudiarudia do peke yake. Viola yaingia kwa la iliyoshushwa nusu toni. Fidla ya pili kwa mi iliyoshushwa. Kisha fidla ya kwanza yaingia juu kwa la kamili, huku viola ikishuka hadi so. La hizo mbili zagongana masikioni. Mashaka hayo huendelea kwa vipimo 22, ndipo mwendo wa haraka unapoanza na C kubwa kudhihirika.

Katika karne ya 19, mtaalamu Fétis aliyaona hayo kuwa makosa, akapendekeza masahihisho. Hata hivyo, wachezaji hufuata alivyoandika Mozart. Kumbe la iliyoshushwa haikupotea. Ilikuwa njiani kwenda so.

Darasani, ligawe darasa makundi mawili. Kundi la kwanza lishikilie do. La pili liimbe polepole la, la iliyoshushwa, so. Rudieni, mkisimama kwenye noti ya kati. Waulize watoto: sauti hii yataka kwenda wapi? Wataijibu kwa kuiimba so, bila kuambiwa.

Mwalimu aliyekwisha kulisikia jibu hilo hatafanya haraka tena kumnyamazisha mtoto.