Pointi za Famasi ni Deni la Duka

Mei 2025, Rite Aid, kampuni ya famasi iliyoanzia Scranton, Pennsylvania, mwaka 1962, ilirudi mahakamani kuomba kinga ya ufilisi kwa mara ya pili katika muda usiofika miaka miwili. Papo hapo ikaacha kutoa pointi kwa wateja. Mwanzoni mwa Juni kadi za zawadi nazo zikakataliwa, na kufikia Oktoba maduka yote yalikuwa yamefungwa. Mtu aliyetunza kadi ya dola 20 kwa ajili ya nepi au dawa ya kikohozi alibaki na kipande cha plastiki.

Kisa hicho kinaeleza pointi ni nini hasa. Ni deni. Mteja analipa leo, na duka linaahidi kumrudishia sehemu siku nyingine, kwa masharti liliyoyaandika lenyewe.

Famasi ya Marekani si chumba cha vidonge tu. Mlangoni unapokelewa na shampuu, maziwa, peremende, sabuni ya kufulia na kadi za siku ya kuzaliwa. Dirisha la mfamasia mara nyingi liko nyuma kabisa, ili anayefuata dawa apite kwanza katikati ya rafu hizo. Bei za bidhaa za mbele kwa kawaida ziko juu kuliko za maduka makubwa kama Walmart au Costco. Kwa hiyo kuponi mara nyingi inapunguza bei ambayo tayari ilikuwa imepanda, na mnunuzi anayetazama punguzo bila kutazama bei anaweza kutoka dukani akiwa na furaha na hasara kwa pamoja.

Hata hivyo, anayeujua mchezo huu anaokoa kweli. Kampuni ya famasi ya CVS, iliyofungua duka lake la kwanza Lowell, Massachusetts, mwaka 1963, ina mpango wa ExtraCare unaomrudishia mwanachama asilimia 2 ya manunuzi mengi, na juu yake ofa za kila wiki zinazolipwa kwa ExtraBucks, yaani fedha za kutumia katika duka hilohilo. Tuseme tyubu ya dawa ya meno ni dola 4, na tangazo la wiki linasema ukinunua mbili unapata ExtraBucks za dola 3. Mteja ana kuponi mbili za mtengenezaji, kila moja ya dola 1. Dola 8 zinashuka hadi 6 mbele ya keshia, na dola 3 zinamsubiri kwa safari ijayo. Kila tyubu imemgharimu dola 1 na senti 50.

Imemgharimu hivyo iwapo tu atarudi kabla ExtraBucks hazijaisha muda, na akanunua kitu ambacho angekinunua hata bila hizo. Asiporudi, amelipa dola 3 kwa kila tyubu. Duka linajua fika kwamba wengi hawarudi kwa wakati, au wanarudi na kujaza kikapu.

Kuponi ya mtengenezaji ina njia yake tofauti. Duka halipotezi chochote kwa kuipokea: linaipeleka kwenye vituo vya kuhakiki, kisha mtengenezaji analilipa thamani iliyoandikwa pamoja na senti chache za usumbufu, kwa kawaida 8. Ndiyo maana kuponi moja ya mtengenezaji na moja ya duka huweza kutumika kwa bidhaa ileile. Zinatoka mifuko miwili. Na ndiyo maana kughushi kuponi ni wizi mkubwa. Mwaka 2021 mwanamke mmoja wa Virginia Beach alihukumiwa kifungo cha miaka 12 kwa kutengeneza kuponi bandia zilizosababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 31.

Kwenye dirisha la dawa mambo yanabadilika, na hapo ndipo fedha nyingi zaidi zilipo. Sheria ya shirikisho inakataza kumvuta kwa zawadi mgonjwa anayelipiwa na Medicare au Medicaid, bima za serikali za wazee na za wenye kipato kidogo. Kampuni ya famasi ya Walgreens ililipa dola milioni 7.9 mwaka 2012 kumaliza madai kwamba iliwapa wagonjwa wa aina hiyo kadi za zawadi ili wahamishie dawa zao kwake. Kuponi za watengenezaji wa dawa nazo haziruhusiwi kwa Medicare. Wenye bima binafsi wanazitumia, lakini mara nyingi zinamshikilia mgonjwa kwenye dawa ya jina kubwa. Yeye analipa kidogo, bima inalipa kiasi kikubwa, na gharama hiyo hatimaye inarudi kwenye michango ya bima ya wote.

GoodRx, iliyoanzishwa 2011, ilileta njia nyingine: msimbo wa bure kwenye simu, unaoweza kushusha sana bei ya dawa kwa asiye na bima. Februari 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliituhumu kwamba ilipeleka taarifa za afya za watumiaji kwa Facebook na Google, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5. Mgonjwa hakulipia msimbo huo kwa pesa, alitoa siri ya mwili wake. Hiyo ni bei kubwa, na ilistahili kuandikwa wazi kama bei nyingine zote.

Wapo pia wanaoachwa nje kabisa. Punguzo likihamia kwenye programu ya simu, mzee asiye na simu janja analipa zaidi kwa bidhaa ileile na jirani yake mwenye nayo. Mwaka 2025 jiji la San Diego lilipitisha kanuni inayoyataka maduka ya vyakula yanayotoa punguzo la kidijitali kutoa punguzo hilohilo kwenye karatasi. Famasi zinastahili kanuni kama hiyo.

Familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili huko Kentucky, Texas au Maine zinakutana na kizuizi cha ziada, kwa kuwa masharti haya yote yameandikwa kwa Kiingereza chenye herufi ndogo. Lakini famasi zinazopokea fedha za Medicare au Medicaid zinapaswa kisheria kumpatia mgonjwa mkalimani bila malipo. Na Oktoba 2018 zilitiwa saini sheria mbili za shirikisho zinazozuia mikataba ya bima iliyokuwa ikimziba mdomo mfamasia asimwambie mgonjwa kwamba kulipa taslimu kungekuwa nafuu. Swali linaweza kuulizwa kwa Kiswahili: dawa hii ni kiasi gani kwa bima, kiasi gani bila bima, na je, ipo dawa ileile isiyo ya jina kubwa?