Dafina ya Babu: Kisakale cha Mali Iliyofukiwa katika Koo za Pwani

Ni nadra kukaa barazani na wazee wa Pwani ya Kenya, kuanzia Vanga hadi Pate, pasi na kusikia habari ya mali iliyofukiwa. Babu wa babu, yasimuliwa, alikuwa tajiri wa majahazi na mashamba. Vita vilipomkaribia alijaza mtungi reali na mikufu ya dhahabu, akaufukia usiku chini ya mbuyu au kando ya kisima, kisha mauti yakamfika kabla hajamwonyesha mwanawe mahali. Miaka mingi baadaye mjukuu huoteshwa. Ndotoni huambiwa achimbe peke yake, atoe kafara, asimwambie mtu. Huvunja sharti moja. Na mtungi unapofunuliwa hukuta makaa, au joka lililojiviringa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba masimulizi hayo, ambayo wengi wetu huyapuuza kama porojo, huhifadhi kitu kingine kisichokuwa dhahabu: dai la ukoo juu ya ardhi.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina hazina na dafina, na yote mawili yana asili ya Kiarabu. Hazina hutokana na mzizi wenye maana ya kuweka akiba; mwenyewe yupo na ufunguo anao. Dafina hutokana na mzizi wenye maana ya kuzika, ule ule unaotumika kwa maiti. Kwa hiyo dafina ni mali iliyozikwa, na si ajabu kwamba msimulizi huiweka karibu na kaburi la aliyeizika. Anayeitafuta dafina humtafuta pia marehemu.

Kiutanzu, masimulizi haya ni visakale. Hayawi mighani kamili, kwani babu huyu hana ushujaa wowote ila kuficha.

Je, yana chembe ya historia? Yanayo. Katika karne ya 19 reali ya Maria Theresa ilikuwa sarafu ya kawaida katika biashara ya Pwani, na kabla ya benki mwenye fedha alizihifadhi mwenyewe. Mhakiki na awe mwangalifu hapa: sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa miaka mingi ikiwa na mwaka ule ule wa 1780, kwa hiyo tarehe iliyo juu yake haituambii ilifukiwa lini. Tena msimulizi anayemtia reali hizo mkononi babu aliyepigana na Wareno wa karne ya 16 amechanganya vizazi vingi kuwa kimoja. Kosa hilo lenyewe ni data.

Dafina za kweli pia zimepatikana. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, wanaakiolojia walifukua sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na chache za dhahabu. Zile za fedha zina majina ya watawala kwa hati ya Kiarabu, na maandishi ya upande mmoja hukamilisha kina cha upande wa pili. Ushairi mfupi kabisa, tungeweza kusema. Gede, kwa upande mwingine, ambako James Kirkman alianza kuchimba mwaka 1948, nyumba zilipewa majina kwa vilivyookotwa ndani yake: kauri, mkasi, sarafu za Kichina. Hivyo ndivyo wenyeji walivyoviacha. Yeyote anayevunja ukuta usiku akitafuta mtungi hutupa vitu vya namna hiyo kama takataka, na pamoja navyo ushahidi wa maisha ya mababu anaowatafuta.

Lakini kiini cha jambo, kwa maoni yetu, kimo katika mwaka 1908. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka huo iliwataka wenye mashamba ya Pwani wapeleke madai yao kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Waliokuwa mbali, waliotegemea neno la jirani, na wale ambao kumiliki kwao kulikuwa kwa pamoja, walipotewa. Ukoo uliobaki bila karatasi ulibaki na simulizi. Kusema "babu alifukia hapa" ni kusema babu aliishi hapa, alichimba kisima hapa, na kizazi chake hakijamaliza shughuli zake hapa. Ndiyo sababu mtungi haupatikani kamwe. Ukipatikana, hugawanywa na simulizi hufa. Usipopatikana, kila kizazi kina haja ya kurudi mahali pale.

Kisheria, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 hufanya vitu vya kale vilivyo ardhini kuwa mali ya serikali. Mwanafunzi anayekwenda nyanjani asichukue jembe, basi, bali kinasa sauti. Aulize mbuyu ulikuwa wapi na nani aliukata. Anakili nasaba ya msimulizi hadi kwa aliyefukia. Arudi kwa tawi jingine la ukoo asikilize toleo lao, kwani mara nyingine mtungi huhama mto mzima. Aulize pia ni nani asiyeruhusiwa kuchimba. Hapo mzee hutaja majina: wana wa mke mdogo, mkwe, aliyeuza kipande cha shamba, na hapo ndipo pengine ataomba kinasa sauti kizimwe.