HATIA NA KIWEWE CHA ASKARI KATIKA USHAIRI WA VITA: MTAZAMO KUTOKA KASKAZINI MASHARIKI YA KENYA

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Methali hii huelekeza jicho la msikilizaji kwa mhasiriwa, na ni haki kufanya hivyo. Hata hivyo, haiulizi tembo mwenyewe hurudi malishoni akiwa na hali gani baada ya vumbi kutulia. Makala haya yanafafanua namna ushairi wa vita unavyosawiri hatia na kiwewe cha askari, kisha yanalitazama suala hilo kwa kurejelea Garissa na eneo zima la Kaskazini Mashariki ya Kenya.

Hatia, majuto na kiwewe

Ni muhimu kutofautisha dhana hizi tatu. Hatia ni hali ya kuwa umetenda kosa. Majuto ni uchungu wa kulitambua kosa hilo. Kiwewe ni jeraha la nafsi linaloendelea hata baada ya tukio kupita. Askari anaweza kuwa na kiwewe bila hatia, kwa mfano aliyeshuhudia wenzake wakiuawa. Aidha, anaweza kuwa na hatia bila majuto. Jonathan Shay, daktari wa akili wa Marekani aliyewatibu wanajeshi waliopigana Vietnam, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1994 kwamba jeraha lililo zito zaidi hutokea pale mtu anapohisi kuwa lililo haki limesalitiwa. Ili kulieleza jambo hilo aliurejelea utenzi wa kale wa Wayunani, Iliad. Kwa hivyo, hata tabibu alihitaji ushairi.

Utenzi wa vita na nafasi ya dhamiri

Fasihi ya Kiswahili ina hazina kubwa ya tenzi za vita. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728. Hemedi bin Abdallah aliandika juu ya vita vya Wadachi katika Mrima; Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Vita vya Uhuru kuhusu vita vya 1939 hadi 1945; naye Henry Muhanika alitoa utenzi wa vita vya Kagera mwaka 1981. Kwa kiasi kikubwa tenzi hizi husimulia matukio, huwasifu mashujaa na hutoa mafunzo. Nafsineni husema kwa niaba ya umma. Katika muundo huo, aliyeua adui hupewa sifa, na ni nadra kuulizwa analala vipi.

Je, hii ina maana kwamba ushairi wa Kiswahili hauna lugha ya majuto? La hasha. Lugha hiyo ipo, ila imehifadhiwa mahali pengine. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauhoji moyo wake mwenyewe mbele ya magofu ya Pate. Hapo nafsi ni mshtaki na mshtakiwa kwa wakati mmoja. Mshairi anayetaka kusawiri hatia ya askari anaweza kuchukua uwanja wa vita kutoka kwenye tenzi na mahojiano ya moyo kutoka kwenye Al-Inkishafi.

Muungano wa namna hiyo unaonekana katika kazi za Mwingereza Wilfred Owen. Mwaka 1917 alilazwa katika hospitali ya Craiglockhart, Edinburgh, kwa sababu ya mshtuko wa vita, na huko alikutana na mshairi Siegfried Sassoon. Katika shairi lake "Strange Meeting", askari anakutana kuzimuni na adui aliyemuua yeye mwenyewe, nao wanazungumza. Owen aliuawa tarehe 4 Novemba 1918, wiki moja kabla ya vita kumalizika.

Sarufi ya hatia

Kiswahili kina nyenzo za kisarufi zinazofaa kazi hii. Tazama vitenzi vitatu: alikufa, aliuawa, nilimuua. Cha kwanza hakimtaji mtendaji. Cha pili kinakiri kuwa yupo lakini kinamficha. Cha tatu kinamleta mbele kwa kiambishi kimoja tu. Safari ya askari kutoka kwenye kukana hadi kwenye kukiri inaweza kuwa safari ya vitenzi hivyo. Vivyo hivyo, "tulifyatua" si sawa na "nilifyatua", kwa kuwa wingi ni kichaka cha kujificha.

Njeo pia zina uzito. Utenzi wa masimulizi husonga mbele kwa kiambishi -ka-: akaenda, akapiga, akashinda. Kiwewe hakisongi. Anayeugua kiwewe yumo katika -na- na hu-: mlango unagongwa, mtoto analia, usiku huja. Jambo lililopita miaka mingi bado linatendeka.

Kaskazini Mashariki

Hali ya hatari ilitangazwa katika eneo hili Desemba 1963, na vita vilivyoitwa vya shifta viliendelea hadi 1967. Neno lenyewe ni la kuchunguzwa. Shifta, lenye asili ya Kiamhari, lina maana ya jambazi. Mpinzani akiitwa jambazi, kifo chake hakihitaji maombolezo, na aliyemuua hahitaji kujihoji.

Mwezi Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, vikosi vya usalama viliteketeza mtaa wa Bulla Kartasi na kuwazuilia wakazi katika uwanja wa shule ya msingi. Kuanzia tarehe 10 Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilitaja vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona kwamba idadi hiyo inaweza kukaribia 1,000. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa na al-Shabaab, na watu 148 wakauawa. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Januari, kambi ya wanajeshi wa Kenya ilivamiwa El Adde, Somalia. Kwa hiyo eneo hili na mpaka wake limewaona askari wakiwa watesi, walinzi na wahasiriwa pia. Ushairi unaomsawiri askari kwa sura moja tu utakuwa umedanganya.

Wasomali wana desturi kubwa ya ushairi simulizi, kama vile gabay na buraanbur ya wanawake, inayoweza kuibeba kumbukumbu ya waliotendewa. Kumbukumbu ya watendaji ina lugha gani? Tangu siku za King's African Rifles, Kiswahili kimekuwa lugha ya kambini. Aliyeamrishwa alale kifudifudi katika jua la Wajir huenda aliamrishwa kwa Kiswahili. Basi, lugha iliyotoa amri ndiyo inayodaiwa ungamo.

Hitimisho

Ushairi hautoi hukumu, wala haupaswi kutumiwa kumsafisha mkosaji. Majuto ya askari hayawezi kupewa nafasi ya juu kuliko maumivu ya mjane. Hata hivyo, pale ambapo mtendaji ananyamaza, mhasiriwa huachiwa mzigo wa kuthibitisha peke yake kwamba jambo lilitendeka. Shairi linalothubutu kusema "nilimuua" humpunguzia mzigo huo. Wanafunzi wa Kiswahili wana nyenzo zote: bahari, vina, mizani na viambishi. Kilichobaki ni kuzielekeza huko.