Laini Iko Sawa, Ruta Ndiyo Imelemewa

Katika foleni ya Huduma Centre mjini Migori, au mbele ya dirisha la usajili katika hospitali ya rufaa ya Homa Bay, kauli tunayoisikia ni ile ile: "Mtandao uko chini, subirini." Lawama huangukia faiba. Watu husema tingatinga la wajenzi wa barabara limeikata mahali fulani, au nyaya za baharini zimekatika. Wakati mwingine ni kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na watumiaji wa Kenya, Tanzania na Uganda wakahisi athari siku hiyo hiyo. Lakini kuna hali nyingine ambayo haitajwi sana. Faiba ni nzima, taa za kijani zinawaka, na kilicholemewa ni kisanduku kilicho katikati: ruta, au fayawoli inayochuja mawasiliano ya jengo zima. Kisanduku hicho kilinunuliwa, kikapokelewa na kutiwa sahihi, na mara nyingi hakuna aliyekipima.

Leo kipimo hicho hakihitaji mashine ya mamilioni ya shilingi. Programu huria zinazoweza kukifanya zinapatikana bure, na mwanafunzi wa mwaka wa tatu akielekezwa vizuri anaweza kuziendesha.

Tuanze na kinachopimwa. Data haisafiri kwenye mtandao kama maji kwenye bomba. Hukatwakatwa kuwa pakiti. Katika mitandao ya kawaida ya nyaya, pakiti ndogo kabisa ina baiti 64 na kubwa ina baiti 1,518. Kila inapofika, ruta huisoma anwani yake, huitafutia njia kwenye orodha, huipitisha kwenye kanuni za usalama, kisha huitoa kwa mlango unaofaa. Kazi hiyo ni ile ile pakiti iwe kubwa au ndogo. Wavuvi wa Mbita wataelewa upesi: kilo mia za mbuta na kilo mia za omena ni sawa kwenye mizani, lakini waambie watu wawili wahesabu samaki mmoja mmoja, huyu mbuta na yule omena, uone ni nani atakayemaliza kwanza. Muuzaji wa ruta hukutajia kilo. Anayechoka ni mhesabuji.

Chukua ruta yenye milango ya gigabiti 1 ambayo kwa kweli inamudu pakiti 200,000 kwa sekunde. Ukiipa pakiti za baiti 1,518 tupu, laini hujaa ikifika pakiti 81,000 hivi, kwa hiyo ruta itaonekana shujaa. Ukiipa mchanganyiko unaokaribia matumizi ya kawaida, yaani pakiti ndogo 7, za wastani 4 na kubwa 1 katika kila 12, ruta hiyo hiyo itafika megabiti 610 hivi. Ukiipa pakiti za baiti 64 peke yake, itakwama kwenye megabiti 134. Ni kifaa kile kile na bei ile ile. Karatasi ya muuzaji itaandika namba ya kwanza.

Kuna atakayesema pakiti ndogo ni jambo la maabara tu. Sivyo. Simu ya sauti inayopita kwenye mtandao wa ofisi kwa mfumo wa kawaida hutuma pakiti 50 kwa sekunde kila upande, zote ndogo. Kila jina la tovuti linapotafutwa, swali lake ni pakiti ndogo. Hata unapopakua faili kubwa, kompyuta yako hurudisha mfululizo wa vipakiti vya kuthibitisha kwamba imepokea. Na anayetaka kuangusha mtandao kwa makusudi huchagua mara nyingi pakiti ndogo, kwa sababu anajua mahali unapouma.

Sasa tupande hadi gigabiti 10, kasi ambayo kompyuta ya kawaida yenye kadi nzuri ya mtandao inaweza kuifikia. Hapo pakiti za baiti 64 zinaweza kufika milioni 14.88 kwa sekunde, yaani moja kila nanosekunde 67.2. Prosesa ya gigahezi 3 hupata mizunguko 200 hivi kwa kila pakiti. Kuchota data kutoka kumbukumbu kuu mara moja tu huchukua kiasi cha nanosekunde 80 hadi 100. Maana yake ukienda kumbukumbu kuu mara moja kwa kila pakiti, tayari umechelewa.

Mfumo wa kawaida wa Linux haukuundwa kwa mwendo huo. Pakiti ikiingia, kadi humkatiza prosesa kazi yake, kerneli, yaani kitovu cha mfumo huo, hutenga nafasi ya kumbukumbu, pakiti hupandishwa tabaka baada ya tabaka, kisha hunakiliwa hadi kwa programu inayoingoja. Hatua zote hizo ni za maana kwa kompyuta inayofanya shughuli mia kwa wakati mmoja, ila kwa kisanduku cha kupitisha pakiti ni mzigo.

Mwaka 2012 Luigi Rizzo wa Chuo Kikuu cha Pisa alionyesha kwa programu yake ya netmap kwamba kiini kimoja cha prosesa, kikienda megahezi 900 tu, kinaweza kutuma pakiti milioni 14.88 kwa sekunde. Siri yake ilikuwa kuondoa kazi zisizo za lazima: kumbukumbu hutengwa mapema, programu na kadi hutumia nafasi ile ile bila kunakili, na pakiti hushughulikiwa kwa mafungu. DPDK, programu iliyoanzia Intel mwaka 2010 na tangu 2017 iko chini ya Linux Foundation, ilikwenda mbali zaidi. Huichukua kadi yote kutoka kwa kerneli, na badala ya kusubiri kukatizwa, kiini kizima cha prosesa hukaa kikiichungulia kadi bila kupumzika. Gharama yake ni kwamba kiini hicho hufanya kazi kwa asilimia 100 hata usiku wa manane mtandao ukiwa kimya. Mahali ambapo stima hukatika na seva hubebwa na betri, hilo si dogo, nami nisingeishauri ofisi ya wadi kuitumia kila siku.

Kwa matumizi ya kila siku naipenda zaidi XDP, iliyoingia ndani ya Linux yenyewe mwaka 2016. Haimfukuzi kerneli. Huweka programu fupi mlangoni pa kadi, ambayo huamua palepale: pakiti hii itupwe, ipite, irudishwe ilikotoka au ielekezwe kwingine. Pakiti mbaya hufia mlangoni kabla haijamgharimu mtu chochote. LibreQoS, programu huria inayosaidia watoa huduma wadogo kugawa laini kwa haki ili simu ya jirani isikwame kwa sababu ya sinema ya mwingine, imejengwa juu ya teknolojia hiyo. Mwenye kusambaza intaneti kwa antena kutoka Oyugis au Awendo angefaa kuijua.

Turudi kwenye kupima. Linux huja na jenereta ya pakiti inayoitwa pktgen. Huamshwa kwa amri ya maneno mawili, modprobe pktgen, na kwa laini ya gigabiti 1 inatosha kuanzia. Kwa kazi nzito kuna TRex, iliyotolewa huria na Cisco, na MoonGen ya watafiti wa Munich, zote mbili zikiwa zimejengwa juu ya DPDK. TRex ndiyo ningempa fundi wa kaunti. Inahitaji kompyuta moja yenye kadi ya milango miwili. Mlango wa kwanza unaunganishwa na upande mmoja wa ruta, wa pili na upande mwingine. Pakiti hutoka kwa mlango wa kwanza, hupita kwenye ruta, na kurudi kwa wa pili. Kwenye skrini, safu moja huhesabu zilizotoka na nyingine zilizorudi. Tofauti kati ya safu hizo mbili ndiyo pakiti zilizopotea ndani ya kisanduku.

Utaratibu wake uliandikwa zamani, mwaka 1999, katika waraka wa RFC 2544. Unatuma kwa kasi kamili kwa sekunde 60. Ikipotea hata moja, unashusha. Ikipita zote, unapandisha, hadi uipate kasi ya juu kabisa isiyopoteza kitu. Kisha unarudia kwa ukubwa saba, kuanzia baiti 64 hadi 1,518.

Kuna mitego, na hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Wa kwanza ni kupima ruta ikiwa tupu, bila kanuni za fayawoli wala ugawaji wa kasi kwa wateja. MikroTik, ambayo ruta zake ni maarufu sana kwa watoa huduma wadogo nchini, huchapisha matokeo ya kila modeli kwa baiti 64, 512 na 1,518, bila kanuni na ikiwa na kanuni 25. Zisome namba hizo kabla ya kununua; tofauti kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho hushtua. Mtego wa pili ni kutumia anwani moja tu ya mtumaji na moja ya mpokeaji. Ruta nyingi hugawa kazi kati ya viini vya prosesa kwa kuangalia anwani, kwa hiyo pakiti zote za anwani moja huangukia kiini kimoja huku vingine vikilala. Mwambie TRex abadilishe anwani maelfu, kama watu halisi walivyo. Wa tatu ni kusahau muda: ruta inaweza isipoteze pakiti yoyote lakini ikazichelewesha hadi simu ya sauti isisikike.

Na kuna onyo ambalo silisemi kwa utani. Zana hizi, zikielekezwa kwa mtandao usio wako, ni silaha. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 inaihesabu kazi hiyo kuwa kosa la jinai. Julai 2023 Wakenya waliona maana yake, pale eCitizen, tovuti ya serikali iliyokuwa na huduma zaidi ya 5,000, ilipolemewa na wingi wa maombi bandia na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Maombi ya aina hiyo hushambulia programu ya tovuti kuliko ruta, na XDP peke yake haiyazuii yote, lakini mlango usiopimwa hauna hata nafasi ya kujaribu. Pima mezani, kwenye nyaya zisizogusa mtandao wowote unaotumika.

Watu wa kuifanya kazi hii wako karibu. Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori, Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko Homa Bay, na faiba ya taifa ya NOFBI imeshafika kwenye makao makuu ya kaunti. Kompyuta moja na kadi moja, hata ya mtumba, zinatosha kuanzisha meza ya kupimia inayohudumia kaunti zote mbili.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 tayari inatoa nafasi ya kamati ya ukaguzi na upokeaji wa bidhaa. Kamati hiyo isiishie kuhesabu maboksi na kulinganisha namba za risiti. Naziomba serikali za Migori na Homa Bay ziongeze kifungu kimoja kwenye zabuni zijazo za mtandao: kifaa kipimwe mbele ya kamati, kanuni zake zote zikiwa zimewashwa, kwa pakiti za baiti 64 na kwa mchanganyiko, sekunde 60 kila mara, na malipo yatoke baada ya matokeo kutiwa sahihi.