Njaa ya Saa 2 Usiku

Saa 2 ziko mbili katika siku yetu, ya asubuhi na ya usiku, na kwa mtu anayetaka kupunguza uzito tofauti kati yake ni kubwa kuliko anavyodhani.

Mwaka 2013 Frank Scheer na wenzake, watafiti wa Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 12 waliokaa maabara yenye mwanga hafifu, bila kitu cha kuwaonyesha wakati. Siku zao zilifupishwa zikawa za saa 20, milo na usingizi vikazungushwa, mpaka saa iliyomo ndani ya mwili ikabaki ikienda kwa mwendo wake yenyewe. Kila mara waliulizwa wana njaa kiasi gani. Njaa ilikuwa chini kabisa karibu na saa 2 asubuhi, ikafika kileleni karibu na saa 2 usiku. Na kilichotamaniwa zaidi wakati wa kilele kilikuwa vitu vitamu, vya wanga na vya chumvi.

Sasa ifikirie saa 2 usiku ya Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Ukungu umeshuka, baridi ya Julai imewarudisha watu wote ndani, taarifa ya habari imeanza kwenye televisheni. Asubuhi ya siku hiyo mwili haukudai kitu, ukatoka nyumbani na kikombe cha chai. Usiku mwili huohuo unadai kwa sauti, na mezani kuna karanga, kwenye sufuria kuna kiporo cha machalari ya ndizi, na kijana ametoka Marangu Mtoni na chipsi mayai kwenye mfuko. Anayelaumu udhaifu wa moyo wake kwa yanayofuata anajionea bure. Ameingia kwenye pambano saa ambayo mwili wake una nguvu kuliko azma yake.

Nimekuwa nikitoa ushauri wa lishe kwa watu wa miteremko hii kwa muda, na swali la kula usiku huletwa kwa aibu, likisemwa mwishoni mtu anapoinuka kuondoka. Mama mmoja, mtu mzima kwangu, aliniambia hivi: “Mwanangu, mchana najitahidi kweli. Sili kitu, ni chai tu. Lakini usiku ni kama kuna mtu ananishika mkono ananipeleka jikoni.” Nilimwomba akae tena tuihesabu siku yake. Chai ya rangi saa 12 asubuhi, sukari vijiko 3. Kukata majani ya ng'ombe na kuyabeba kupanda mlima. Chai tena saa 5. Sokoni, kurudi, chai. Sahani ya kwanza ya chakula halisi ilikuwa saa 3 usiku, ndizi na mchuzi. Kufikia saa 5 usiku alikuwa amerudi jikoni mara 3.

Mama huyu alikuwa ameshinda na njaa mchana kutwa, na deni la mchana lilikuja kudaiwa usiku. Jambo hili lilionekana waziwazi katika jaribio la mtafiti Ancel Keys huko Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa miezi 6 hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Wengi wao walianza kuwaza chakula kutwa, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Walipofunguliwa, baadhi walikula mpaka tumbo likauma na bado wakasema hawajashiba. Hao hawakuwa walafi. Walikuwa vijana waliojitolea, wenye nidhamu ya kutosha kuvumilia nusu mwaka wa njaa. Anayeruka mlo wa asubuhi na wa mchana ili apungue anafanya jaribio dogo la Minnesota kila siku, na kila usiku anapata jibu lilelile.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya hamu ya usiku huliwa asubuhi. Najua wengi watasema asubuhi hawana hamu. Ni kweli, saa ya mwili ndivyo ilivyo, na ndiyo maana usisubiri hamu ikuambie. Kula kwa ratiba. Na huku kwetu chakula cha asubuhi kinachoshikilia tumbo tunacho, ila tumekidharau kwa kuwa cha zamani. Kiburu, ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja na kupondwa, kina wanga unaomeng'enywa taratibu, kina protini ya maharage na nyuzinyuzi za kutosha. Sahani ya wastani ya kiburu, au uji wa ulezi na yai la kuchemsha, au ndizi za kuchemsha na dagaa, itakufikisha mchana bila kutetemeka. Mkate mweupe na chai tamu haufiki huko. Saa 4 utakuwa unatafuta andazi.

Chai yenyewe tuiangalie. Kijiko kimoja cha chai cha sukari, kikiwa sawasawa na ukingo, ni gramu 4. Vikombe 4 kwa siku, vijiko 3 kila kikombe, ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikishuka hadi 25 ni bora zaidi. Yaani anayekunywa hivyo karibu anamaliza kiwango cha siku nzima kabla hajala chochote, na vijiko vyetu huwa na kilima juu.

Jambo la pili ni jiko. Katika nyumba za bibi zetu jiko lilikuwa banda la nje, na chakula kilihitaji moto. Mtori haupikwi kwa kufikiria tu. Unamenya ndizi, unachemsha nyama mpaka ilainike, unaponda kwa mwiko. Moto ukishafunikwa majivu, jiko limefungwa hadi alfajiri. Hamu ya usiku ilikuwepo, miili ilikuwa hii hii, lakini kati ya hamu na mdomo palikuwa na giza, baridi, kuni na saa nzima ya kazi. Leo kati ya hamu na biskuti pana karatasi ya kuchana. Naliona hili kuwa badiliko kubwa kuliko badiliko la chakula chenyewe, na halizungumzwi.

Huenda sehemu ya matokeo yake tunaiona kwenye vipimo. Utafiti wa Donald McLarty na wenzake uliochapishwa mwaka 1989, katika vijiji vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, ulikuta kisukari kwa chini ya mtu 1 kati ya kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, wa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban 9 kati ya 100. Umri na njia za kupima havikuwa sawa, lakini mwelekeo haufichiki. Na uzito umeongezeka vilevile: mwaka 2010 wanawake 22 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi, na katika utafiti wa 2015-16 wakawa 28, mkoa wetu ukiwa miongoni mwa iliyoongoza.

Basi rudisha ule umbali. Karanga zilizokwisha kukaangwa, kashata, biskuti na soda visilale ndani ya nyumba. Vinunuliwe kwa ajili ya siku inayovihitaji. Kiporo kifunikwe na kupelekwa jikoni mara tu watu wanaponawa mikono, kisibaki mezani kikitazamana na televisheni. Hili si kujinyima. Karanga mbichi ndani ya gunia hazimtongozi mtu saa 5 usiku, kwa sababu lazima azikaange kwanza.

Kuna jingine linalohusu mlo wa jioni. Nyumba nyingi humsubiri baba, au humsubiri kila mtu, na chakula kinaliwa saa 3 au saa 4. Mwaka 2022 Scheer na wenzake waliwalisha watu 16 wenye uzito mkubwa chakula kilekile kwa ratiba mbili, moja ya mapema na nyingine iliyosogezwa mbele kwa takriban saa 4. Katika ratiba ya kuchelewa washiriki walihisi njaa zaidi walipokuwa macho, leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba akiba ipo, ilishuka, na mwili ulitumia nishati pungufu. Chakula ni kilekile, mtu ni yuleyule. Ikiwezekana, chakula kiliwe saa 1 jioni na sahani ya baba ifunikwe. Kumsubiri ni heshima nzuri, lakini anaweza kuheshimiwa kwa kuketi naye wakati anakula, kila mmoja na kikombe cha tangawizi isiyo na sukari.

Tangawizi na mchaichai ninavipendekeza kwa moyo wote wakati wa baridi. Sehemu ya kile tunachokiita njaa kati ya Juni na Agosti ni kutaka kitu cha moto mikononi. Kahawa iache mapema. Tunailima, tunaijua, lakini nusu ya kafeini ya kikombe cha saa 11 jioni bado inazunguka mwilini saa 4 usiku, na asiyelala hula.

Usingizi hauna mbadala. Mwaka 2004 Karine Spiegel na wenzake, Chicago, walipima vijana 12 waliolala saa 4 tu kwa usiku 2, wakawalinganisha na walivyokuwa walipopewa saa 10 kitandani. Baada ya kulala kidogo leptini ilipungua kwa asilimia 18, na grelini, homoni inayoita njaa, ikapanda kwa asilimia 28. Anayekaa na simu hadi saa 7 usiku amejiongezea njaa ya kesho kabla kesho haijafika.

Kundi moja la Marangu lina shida yake ya pekee: waongozaji na wagumu, wale wanaobeba mizigo ya watalii. Mlimani, kwenye kibanda cha Kibo, mita 4,720, waongozaji na baadhi ya wagumu huamka karibu na saa 6 usiku, wanakunywa chai na biskuti, halafu wanapanda gizani. Kwa kazi ile chakula cha usiku ni haki ya mwili. Kisha masika ya Aprili na Mei yanakuja, wageni wanapungua, mtu yuko nyumbani wiki 6, na bado saa 6 usiku macho yanafunguka na mkono unatafuta biskuti. Ninachowashauri ndugu hawa ni kuihamisha ratiba makusudi siku ya kwanza ya kushuka: kuamka na jua, kutoka nje kwenye mwanga wa asubuhi, kula sahani kamili, na kupunguza kipimo cha ugali na wali maana mzigo umetuliwa.

Na wapo wasiopaswa kuizuia njaa ya usiku kabisa. Mzazi anayenyonyesha ni wa kwanza. Mila yetu ya kumweka mzazi ndani na kumlisha mtori na kitawa, vyakula vya ndizi, ina akili nyingi. Kunyonyesha kunadai hadi takriban kalori 500 za ziada kwa siku, na kupunguza uzito kungoje. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge, akiamka usiku na njaa kali, jasho na mikono inayotetemeka, huenda sukari yake imeshuka. Ale kitu kitamu palepale, kisha asubuhi aende kituo cha afya dozi yake ikaangaliwe. Na yupo anayeamshwa na maumivu ya chembe ya moyo yanayotulia akila. Huyo hudhani ni njaa, kumbe yaweza kuwa vidonda vya tumbo, vinavyopimika na kutibika. Mwishowe kuna ugonjwa wenyewe wa kula usiku, uliotambulishwa na daktari Albert Stunkard wa Marekani mwaka 1955: mtu hana hamu asubuhi, anakula robo au zaidi ya chakula chake baada ya mlo wa jioni, au anaamka kula ili apate usingizi, na mara nyingi ana huzuni. Anahitaji kusaidiwa, na kumcheka kunamzidishia.

Kwa wengine, hamu ikija hata baada ya haya yote, usipigane nayo kwa kukaa unaitazama. Nawa uso, kunywa kitu cha moto, panga nguo za kesho, ngoja dakika 20. Mara nyingi hupanda kisha ikashuka yenyewe. Isiposhuka, kula. Ndizi mbivu moja ni takriban kalori 100, yai la kuchemsha ni kama 75, bilauri ya maziwa mgando ni karibu 150. Weka kwenye sahani, keti, washa taa, maliza, kasukutue mdomo. Anayekula amesimama mlangoni pa kabati hajui amekula kiasi gani, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kwenye chipsi tayari ni kalori 120.

Yule mama hakuniahidi kuacha chochote. Tulikubaliana jambo moja tu kwa wiki 2, nami nawaomba wasomaji wangu wa Marangu, Kilema, Mwika na kwingineko mlianze hilohilo kabla ya kujikataza chochote usiku. Kesho saa 2 asubuhi, hata kama huna hamu, keti ule.