Punguzo la karo lina hesabu yake

Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitangazwa tu, arafa humiminika kwenye simu za wazazi: ada ya usajili imefutwa, karo imepunguzwa, laptopu ni ya bure. Vyuo vikuu vya kibinafsi nchini Kenya vimejifunza kubembeleza kwa lazima. Waliopata C+, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu, na zaidi walishuka kutoka takriban 165,000 mwaka 2015 hadi chini ya 89,000 mwaka 2016, baada ya wizi wa mitihani kubanwa, na vyuo vya umma vikawa na nafasi za kuwatosha wote. Nusura ilitoka serikalini: KUCCPS, shirika linalowagawia wanafunzi nafasi vyuoni, lilipeleka vyuo vya kibinafsi wanafunzi wanaolipiwa na serikali, nao wakaenda kwa maelfu. Mfumo mpya wa ufadhili wa 2023 ukafunga mlango huo. Anayechagua chuo cha kibinafsi sasa anaweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, lakini ruzuku ya serikali haipati. Vyuo navyo vimebaki vikiidai serikali mabilioni.

Ndiyo maana ushindani umehamia mfukoni mwa mzazi. Chukua karo ya Sh90,000 kwa muhula na punguzo la asilimia 20. Likihusu muhula wa kwanza pekee, mzazi ameokoa Sh18,000 katika shahada ya mihula minane inayogharimu Sh720,000. Hiyo ni asilimia 2.5, na kodi ya chumba nje ya chuo inaweza kuimeza kwa miezi michache.

Ufadhili ambao vyuo huwapa waliopata A una hesabu nyingine. Hao wangepata nafasi popote. Chuo kinanunua picha zao za matangazo, na anayelipa karo kamili ni mwenye C+.

Kwangu mimi, kivutio chenye uzito ni ratiba ya malipo. Mama anayeuza mboga hana Sh90,000 kwa mpigo, ila Sh22,500 kwa mwezi anaweza kuzichanga akisaidiwa na chama. Chuo kinachokubali awamu nne bila kumnyima mwanawe kadi ya mtihani kitampata, hata kama chuo jirani kina punguzo kubwa zaidi.

Muulize afisa wa udahili kama karo imefungwa kwa miaka yote minne. Chuo chenye malimbikizo ya mishahara kinaweza kuipandisha mwaka wa tatu, na mwanafunzi akitaka kuhama wakati huo, si masomo yote aliyokwisha kufanya yatakubaliwa aendako.