Kitenzi kilichobeba watu, vyombo na ng'ombe

Aprili 21, 1958, wazee 12 wa Kimaasai walitia sahihi makubaliano na serikali ya kikoloni ya Waingereza kuhusu Serengeti. Maandishi ni ya Kiingereza. Yanasema wazee wameacha madai yao kwa nchi iliyo magharibi ya mstari uliochorwa, na kwamba wataondoka humo wao wenyewe, mali zao, ng'ombe wao na wanyama wao wengine wote kabla ya mvua za vuli zijazo, yaani kabla ya Desemba 31. Msomaji wa Tanzania anazijua habari hizo, na anajua kilichofuata: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti upande mmoja, Mamlaka ya Ngorongoro upande wa pili. Kilichonishika mimi ni kitu kidogo. Mtu, chungu, ng'ombe na punda, wote katika sentensi ile wamebebwa na kitenzi kimoja: "move".

Sentensi hiyo niliipeleka Ololosokwan, kijiji cha tarafa ya Loliondo kilichopakana na Serengeti kwa upande mmoja na Kenya kwa upande mwingine. Huko yupo mwalimu mstaafu wa Kiingereza ambaye hukalimani mikutano: maofisa husema Kiswahili, kina mama wazee hujibu Kimaa, na barua za mawakili huja kwa Kiingereza. Hapendi jina lake liandikwe gazetini. Kijijini wanamwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo.

"Hii huitafsiri kwa pumzi moja," alisema. "Kwa Kiswahili lazima uikate vipande."

Akaikata. Mtu huhama. Chungu hakihami, kuna mtu anayekihamisha. Ng'ombe huswagwa, na ukisema ng'ombe wamehama, msikilizaji ataelewa kwamba wamefuata majani bila mchungaji, kama nyumbu wanavyofanya. Kwa hiyo sentensi ya mwaka 1958, ikiandikwa kwa Kiswahili safi, inahitaji vitenzi vitatu, na kila kimoja kinauliza swali lake. Anayehama ni nani? Anayehamisha ni nani? Anayeswaga ni nani? Kiingereza kiliwaruhusu waandishi wapite bila kujibu hata moja.

Kisha akaingia kwenye Kimaa, na hapo ndipo alipozungumza kwa muda mrefu zaidi, nami nikamwacha. Kitenzi ni aidurr. Kwanza wanaume hutangulia kuangalia majani na maji, wakarudi kusema walichokiona. Kuamua ni kwa wazee, lakini nyumba si mali ya mzee. Nyumba hujengwa na mama, kwa fito, matope na samadi, na mama ndiye anayeiacha au kuibomoa, ndiye anayefunga ngozi, vibuyu na watoto wadogo juu ya punda. Ng'ombe huenda na vijana. Ndama na wazee wasioweza mwendo huenda taratibu, nyuma au kwa siku tofauti. Boma la zamani huachwa na mbolea yake, na majani yanayoota hapo baadaye huwa mazuri kuliko ya kandokando, kwa hiyo familia hulikumbuka na wakati mwingine hurudi. Kuna pia ronjo, kambi ya muda wanakokaa vijana na mifugo wakati wa kiangazi wakati familia imebaki bomani. Mtu aliye ronjo hajahama. Mifugo yake iko mbali, yeye mwenyewe analala mbali, lakini ukimwuliza anakaa wapi atakutajia bomani kwa mama yake.

"Sasa niambie," Mwalimu alisema, "wazee wale walipoambiwa wata-move, walisikia lipi kati ya hayo? Walisikia kuhama kwa kufuata majani, ambako mtu anarudi? Walisikia ronjo? Au walisikia kuondoka moja kwa moja? Mimi nakalimani. Najua neno likitoka mdomoni mwa mkubwa, kabla halijafika kwa mzee, linapita kwangu. Siku ile nani alisimama katikati?"

Sikuwa na jibu la kumpa, wala sijalipata hadi leo.

Alinionyesha jambo jingine. Kiswahili kina hama na kina hamia. Ukisema fulani amehamia, lazima useme wapi. Kifungu kile cha mwaka 1958 kinataja pa kutoka na tarehe ya mwisho ya kutoka. Pa kwenda hakipataji. Waliotoka walikwenda Ngorongoro na Loliondo, na wajukuu wao ndio wanaokaa mikutanoni leo.

Orodha ya Mwalimu ya visawe vya hama ni ndefu. Pwani ya zamani walisema kugura. Waliosoma dini wanajua kuhajiri. Serikali ya kijiji inajua kuondoka, kupisha, kuachia eneo. Mwananchi aliyekasirika anasema kufukuzwa na kutimuliwa. Yeye mwenyewe, akiwa mtumishi wa umma, alihamishwa, na neno hilo kwa mtumishi halina uchungu mwingi: kuna barua ya uhamisho yenye jina lako, kituo utokacho, kituo uendako, na posho ya kukusafirisha wewe na mizigo yako. "Barua yangu ilijibu maswali yote matatu," alisema. Hata miaka ya 1970, wakati wa vijiji vya ujamaa, operesheni ya Umasaini ilipewa jina la Kimaa, Imparnati, makazi ya kudumu. Yaani waliokuwa wakiitwa wahamahamaji walihamishwa ili wasihame tena.

Nani aliamua kwamba mfugaji anayejua majani yake kwa majina aitwe mhamahamaji? Neno hilo tumelizoea mno, na mimi nimeacha kuliandika.

Ya karibuni niyapitie haraka, kwa kuwa magazeti yameyaandika. Mwaka 1992 kitalu cha uwindaji cha Loliondo kilipewa kampuni ya OBC ya Falme za Kiarabu. Maboma yalichomwa mwaka 2009, yakachomwa tena mwaka 2017. Mwaka huo wa 2017 vijiji vinne, Ololosokwan, Kirtalo, Oloirien na Arash, vilikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki iliyopo Arusha. Septemba 2018 mahakama ilitoa zuio la muda, Septemba 2022 ikatupa shauri, na Novemba 2023 majaji wa rufaa wakaamuru lisikilizwe upya. Katikati ya hayo, Juni 2022, viliwekwa vigingi kuzunguka kilomita za mraba 1,500 hivi ambazo baadaye zilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Pololeti. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi wengi walijeruhiwa, wengine wakavuka kwenda Kenya. Serikali ilisema hakuna anayehamishwa, mipaka tu ndiyo inayowekewa alama. Mwaka huohuo ilitangaza msako wa wahamiaji haramu. Mzizi wa neno hilo pia ni hama.

Mwalimu aliitazama kesi kwa jicho la lugha. Katika Kiingereza cha mawakili, mtu anayeiomba mahakama itoe amri huandikwa kwamba "ana-move" mahakama. Alipokuwa akiwasomea wazee nyaraka, alilazimika kueleza kwamba neno lililo kwenye karatasi ya mwaka 1958 ndilo hili, ila safari hii mtenda ni kijiji. Wazee, alisema, walimtaka arudie maelezo hayo mara nyingi.

Juu ya "kuhama kwa hiari", maneno yaliyotumika kwa familia zinazotoka Hifadhi ya Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, tangu mwaka 2022, Mwalimu alipima maneno yake. Wapo waliokwenda kwa kutaka, na hao kitenzi chao ni hama, hakuna ubishi. Lakini kama zahanati imedhoofika, kama kibali cha kukarabati choo cha shule hakitoki, mtu akaondoka, unamwandikia kitenzi gani? Alihama? Alihamishwa? "Kiswahili kinanilazimisha nichague," alisema, "na nikichagua vibaya nimeshatoa hukumu mimi, mkalimani."

Desemba 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Kimaasai na kutangaza tume mbili, moja ya migogoro ya ardhi, nyingine ya uhamaji huo wa hiari. Mwalimu ana ombi moja kwa yeyote anayekuja kuuliza watu maswali. Katika muhtasari, pembeni ya Kiswahili cha katibu, kiandikwe pia kitenzi cha Kimaa alichotamka msemaji, kama alivyokitamka. Amelisema ombi hilo katika mikutano ya kijiji. Katibu mmoja alimjibu kwamba fomu haina nafasi ya kuandika hilo.